Manowari ya karatasi: tani 8,000 za kugawa, na kila kitu kinazitaka

Je, wajua kwamba iliwahi kuwapo meli ya vita iliyoitwa Kenya, na kwamba lau ingewekwa Ruiru, mizinga yake ingepiga Thika na kupitiliza? Kutoka Ruiru hadi Thika, ukinyoosha mstari kwenye ramani, ni kilomita 17 hivi. Mizinga ya HMS Kenya, yenye mdomo wa milimita 152, ilirusha makombora hadi kilomita 23. Meli ya Kijerumani Königsberg, iliyoishambulia na kuizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilikuwa na mizinga ya milimita 105. Makombora yake yangeivuka Juja, lakini yangeishia njiani kabla ya kuingia Thika mjini.

Hesabu za namna hii ndizo uti wa mgongo wa mchezo wa vita vya baharini. Mwingereza Fred T. Jane alitoa kanuni za mchezo wake mwaka 1898, na mwaka huohuo akachapisha kitabu cha manowari za dunia kilichowapa wachezaji takwimu. Mbali na kuchezesha meli zilizopo, wapenzi wa mchezo huu huunda zao wenyewe, manowari ambazo hazijapata kugusa maji. Kinachohitajika ni karatasi ya mirabaraba, kikokotoo na kikomo cha uzito ambacho hakuna anayeruhusiwa kukivuka.

Anza na sanduku. Lipe urefu wa mita 160, upana wa mita 19, na kina cha mita 5 ndani ya maji. Ujazo wake ni mita za ujazo 15,200. Lakini manowari ya kasi imechongoka mbele na kubanwa nyuma, kwa hiyo sehemu yake iliyozama huchukua kama nusu ya sanduku hilo, yaani mita za ujazo 7,600. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa tani 1.025, na meli huelea kwa kusukuma kando maji yenye uzito sawa na wake. Basi una tani 7,800 hivi za kutumia.

Sasa zigawe. Tuseme mwili wa meli umekula tani 3,500, mitambo 1,400, deraya ya kuzuia makombora 1,300, na silaha pamoja na risasi zake 1,100. Zimebaki tani 500 za mabaharia, chakula, boti, nanga na mengineyo yote. Tayari umefilisika, na bado hujaridhika.

Ukitaka kasi zaidi, mitambo itakudai. Kwa kanuni ya jumla ya wahandisi, kasi ikizidishwa mara mbili, nguvu inayohitajika huzidi mara nane. Kuipandisha meli kutoka kilomita 44 kwa saa, kasi ya Königsberg, hadi 59 kunataka nguvu zaidi ya maradufu. Ukiongeza mizinga, shida si uzito peke yake, bali pia mahali uzito unapokaa. Mnara wa mizinga mitatu una zaidi ya tani 100, nao uko juu ya sitaha. Ni kama matatu iliyopakiwa magunia ya viazi kwenye keria: kona ya kwanza itakuonyesha. Hesabu za kuelea na kutopinduka ni za lazima kwa wanafunzi wa uhandisi wa baharini wa JKUAT, pale Juja, na mchezaji naye hawezi kuzikwepa.

Waundaji wa HMS Kenya walibanwa vivyo hivyo. Mkataba wa Washington wa 1922 uliwekea manowari kubwa kabisa kikomo cha tani 35,000, uzito wa mafuta ukiachwa nje ya hesabu. Mkataba wa London wa 1936 ukashusha kikomo cha kruza, meli ya ukubwa wa kati, hadi tani 8,000. Ndani ya kikomo hicho Waingereza walitaka mizinga 12 katika minara minne. Meli ilishushwa majini Glasgow Agosti 1939 na kuanza kazi 1940, ikiwa na urefu wa mita 169, ikiwa imekipita kikomo kwa mamia ya tani, na ndani yake mabaharia zaidi ya 700 wamesongamana. Kitu pekee ambacho hakikuidai uzito wa maana ni rangi: kwa muda ilipakwa rangi ya waridi ili ifichike baharini alfajiri na magharibi.

Agosti 1942, ikisindikiza msafara wa kwenda Malta, ilipigwa topido puani na nyambizi ya Italia, ikaendelea na safari. Lakini hatari kubwa ya vita ile ilikuwa ikitoka angani, na mizinga ya kutungulia ndege nayo ina uzito. Ndipo ndugu yake, HMS Uganda, ikaundwa na minara mitatu badala ya minne ili kuipa nafasi mizinga hiyo. Kenya yenyewe baadaye iling'olewa mnara mmoja. Hata hivyo Septemba 1943, huko Salerno, bomu la Kijerumani linaloongozwa kwa redio liliitoboa Uganda sitaha saba na kutokea chini kabla ya kulipuka. Meli ilinusurika, ikatengenezwa, na Oktoba 1944 ikakabidhiwa Kanada.

Kwenye meza, meli yako nayo itahukumiwa. Ukiichonga kwa kipimo cha 1:1200, kruza ya mita 169 inakuwa sentimita 14, lakini masafa ya mizinga yake yanakuwa mita 19. Sebule haitoshi. Katika mchezo wa Mmarekani Fletcher Pratt, uliovuma miaka ya 1930, watu wazima walipiga magoti sakafuni kumbini, wakikisia umbali kwa macho, kisha mwamuzi akapima kwa utepe kuona kombora limeangukia wapi.

Kosa la wengi ni kuandika idadi ya mizinga kabla ya kuandika jina la maji. Königsberg ilipojificha katika delta ya Rufiji, meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwenye mito ile ya kina kifupi. Waliomaliza kazi, Julai 1915, ni Severn na Mersey, meli bapa na za polepole zilizoundwa kwa ajili ya Brazili na mto Amazon, zisizozama hata mita mbili, huku ndege zikiwaelekeza shabaha. Kwa hiyo ukikamilisha mchoro wako wa tani 7,800, mpe mpinzani achague uwanja. Akitaja Rufiji, meli yako yenye kina cha mita 5 huenda imeshashindwa kabla ya dadu kurushwa.