Kasi ya Kioo na Hasara ya Mwenyewe

Nilipokuwa Merigi, katika kaunti ya Bomet, wakati wa likizo, mwanafunzi mmoja wa shule ya upili alinijia na swali ambalo sikulitarajia. "Mwalimu," akaniuliza, "je, ni vibaya nikikiongezea kioo cha tarakilishi kasi kupita ile iliyowekwa na watengenezaji?" Kioo chenyewe kilikuwa mtumba, tena cha dadake, ambaye hukitumia kuwapigia watu chapa barua na kuwajazia fomu za serikali. Jioni, kazi ikiisha, kijana hukitumia kuchezea kandanda.

Swali hili si la kudharauliwa. Kioo cha kawaida huchora picha upya mara 60 kwa kila sekunde, yaani hezi 60, kipimo kilichopewa jina la Heinrich Hertz, mwanafizikia Mjerumani aliyefariki mwaka wa 1894. Kwa kubadilisha tarakimu chache tu katika programu, baadhi ya vioo hukubali kufika hezi 75 bila gharama yoyote. Vijana huona kwamba hiyo ni mali ya bure, na hawakosei kabisa, kwani vitu vinavyokwenda mbio huonekana laini zaidi.

Lakini hebu tupige hesabu. Kwa hezi 60, picha moja hukaa sehemu moja ya 60 ya sekunde. Kwa hezi 75, sehemu moja ya 75. Tofauti yake ni sehemu moja ya 300 ya sekunde. Isitoshe, ikiwa tarakilishi ni kuukuu na haiwezi kuunda zaidi ya picha 40 kwa sekunde, kioo kitarudia tu picha zile zile. Tena kuna vioo vinavyojidai kuikubali kasi mpya, kumbe vinaruka baadhi ya picha.

Wako wanaodai kwamba kasi hiyo hupumzisha macho. Dai hilo lina asili yake. Vile vioo vya mgongo mkubwa vilivyojaa maofisini katika miaka ya 1990 vilimetameta, na kuvitoa hezi 60 hadi 85 kulikuwa nafuu kubwa kwa msomaji, ingawa kuvisukuma kupita uwezo wao kuliweza kuharibu mitambo ya ndani. Vioo bapa vya leo havifanyi kazi hivyo, kwani kila nukta hushikilia picha yake mpaka ibadilishwe. Anayepiga chapa barua, basi, hafaidiki kwa lolote la maana.

Na hatari je? Tusiitie chumvi. Mara nyingi kioo kilichoshindwa huwa cheusi, kikatoa onyo, na tarakilishi ikarudia kasi ya awali baada ya sekunde chache. Hata hivyo, mara nyingine picha hujaa michirizi, au giza likabaki hadi apatikane fundi ajuaye. Kikiharibika kabisa, kioo cha mtumba hakina dhamana.

Wakulima wa chai wa Kericho na Bomet wanalielewa jambo hili. Mchumaji hufunzwa kuchuma majani mawili na chipukizi. Anayechuma ovyo hujaza kikapu upesi, lakini majani yakikataliwa kituoni, hasara humwangukia pia mwenye shamba, ambaye hakuwa na haraka yoyote.

Ndiyo sababu nilimjibu kijana kwa swali: "Giza likiingia kioo hicho usiku, kesho asubuhi nani atawarudisha wateja?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada." Nikamwambia amwombe dadake ruhusa kwanza. Akacheka, kwa kuwa jibu la dadake alilijua.

Walimu wenzangu, tusiwakataze vijana kujaribu. Udadisi ndio mwanzo wa elimu. Katika maabara ya shule pakiwa na kioo cha ziada ambacho hakitegemewi na mtu, wafunzwe kupandisha kasi hatua kwa hatua, na kabla ya hapo wafunzwe namna ya kuirudisha. Lakini kioo kinachomlisha mtu kiachwe katika hezi zake 60. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Na ubaya huzidi pale mbacha unapokuwa wa mwingine.