Kitabu cha mtumba kinanuka moshi? Usikianike juani

Msikilizaji wetu, kitabu cha shule kilichokaa karibu na jiko la kuni au banda la kukaushia samaki huja na harufu ya moshi. Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Kirumba hadi Ukerewe, hilo si geni. Wengi wetu hukimbilia jua au manukato. Jua kali hupausha wino na kupinda karatasi. Manukato huongeza harufu juu ya harufu.

Tunashauri hivi. Pangusa masizi taratibu kwa kitambaa kikavu. Fungua kurasa, kiweke kivulini penye upepo siku nzima, ukiingize ndani kabla ya umande.

Kisha kitie kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na bakuli la mkaa mkavu ambao haujawashwa, visigusane. Vitundu vidogo vya mkaa hunasa harufu. Kiache siku kadhaa. Kikinuka bado, badilisha mkaa, urudie. Karata za mtumba nazo hufanyiwa hivyohivyo, zikitandazwa mojamoja.

Mwisho, kihifadhi mbali na jiko. La sivyo moshi utarudi, na mtoto ataendelea kukikwepa kitabu ulichomnunulia kwa jasho.