UCHAGUZI WA MABARAZA KATIKA NCHI YA UHOLANZI

Uholanzi ni nchi ndogo iliyo kando ya bahari, na kiasi cha robo ya ardhi yake iko chini ya usawa wa maji. Nchi hiyo ina majimbo 12, na kila jimbo lina baraza lake. Chini ya majimbo yako mabaraza ya miji, ambayo hutunza vijiji pia. Mabaraza hayo yote huchaguliwa kila baada ya miaka minne.

Baraza la mji huangalia mambo ya nyumba, njia, taka na msaada kwa maskini. Wajumbe wake ni 9 hadi 45, kwa kadiri ya hesabu ya watu. Mkuu wa mji hachaguliwi na raia. Baraza hupendekeza jina, na serikali ya mfalme humteua.

Kila raia aliyetimiza miaka 18 hupelekewa hati nyumbani. Siku ya kura huenda nayo pamoja na kitambulisho, hupewa karatasi, kisha hujitenga faraghani na kupaka rangi nyekundu katika kiduara kilicho mbele ya jina moja tu. Milango hufungwa saa tatu ya usiku, na kura huhesabiwa hadharani. Mgeni aliyetoka nje ya Umoja wa Ulaya, akiwa amekaa kihalali miaka mitano mfululizo, aweza kuchagua baraza la mji, lakini si la jimbo.

Sababu ni kwamba wajumbe wa majimbo wana kazi nyingine kubwa. Wao ndio wanaochagua wajumbe 75 wa Baraza la Juu la nchi, ambalo laweza kukataa sheria yoyote.

Nguvu hiyo ilionekana mwaka 2023. Serikali ilitaka kupunguza naitrojeni itokayo katika samadi ya mifugo, na wakulima wengi walihofu kupoteza ng'ombe na mashamba yao. Hapo awali walikuwa wamefunga barabara kwa matrekta. Tarehe 15 Machi, chama cha BBB kinachowatetea, kilichoanzishwa mwaka 2019, kilipata viti vya majimbo vingi kuliko chama chochote. Na mwezi wa Mei kikapata viti 16 katika Baraza la Juu. Hata hivyo, wajumbe 16 hawawezi kukataa sheria peke yao. Hawana budi kupatana na wenzao.

Basi Mholanzi asiyekwenda kuchagua baraza la jimbo lake hupoteza sauti mara mbili: katika jimbo, na katika sheria za nchi nzima.