Chora vitu vyako, kisha utazame mkono wako

Je, msomaji, moyo unapokulemea hufanya nini? Wako wanaokimbilia chupa. Wako wanaomeza vidonge vya usingizi bila kuandikiwa na daktari. Wengine hunyamaza tu hadi mwili ukaanza kuuma. Juma hili tunakuletea njia ambayo haigharimu zaidi ya bei ya penseli na daftari, nayo ni kuchora vitu vilivyotulia: kikombe, viatu au matunda yaliyowekwa mezani.

Usidhani haya ni mambo ya wasanii peke yao. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000. Ripoti hiyo ilieleza kwamba sanaa yaweza kusaidia kuzuia maradhi, kupunguza wasiwasi na kumpa mgonjwa nafuu anapoendelea na matibabu.

Kosa la wengi ni kuiga maua ya kwenye kalenda. Picha huwa safi lakini haisemi lolote. Mchoraji Vincent van Gogh, ambaye mwenyewe alisumbuliwa na maradhi ya akili, alichora viti viwili huko Arles, Ufaransa, mwaka 1888. Kimoja ni chake, cha mbao, na juu yake pana kiko na tumbaku. Cha pili ni cha rafiki yake Paul Gauguin, kina mahali pa kuegemeza mikono, nacho kimewekewa mshumaa na vitabu. Hamna mtu katika picha hizo, lakini ukizitazama ni kama umewaona wenye viti.

Sasa fikiria nyumba ya mchimbaji wa dhahabu huko Osiri, eneo la Nyatike, kaunti ya Migori. Maua ya kalenda yana habari gani naye? Vitu vyake ni tochi ya kichwani, sururu, karai na kikombe cha chai ya rangi. Mjane anayeichora tochi ya marehemu mumewe, ikiwa imezimwa, husema jambo ambalo huenda ameshindwa kulitamka mbele ya jamaa.

Nawe uliye mjini fanya hivi. Chagua vitu vitatu ambavyo vina habari na maisha yako. Kile kinachokugusa zaidi kiweke mbele, au kichore kikubwa kuliko kilivyo. Weka taa upande mmoja ili vivuli vionekane. Ukijihisi mpweke, acha nafasi tupu kati ya vitu. Chora kwa dakika 20 bila kufutafuta, kisha andika tarehe nyuma ya karatasi.

Kuhusu rangi, tahadhari. Makaa na kalamu za rangi za wanafunzi zinatosha. Usitumie udongo wa mahali dhahabu inaposafishwa, hata uwe mwekundu wa kupendeza. Wachimbaji wadogo huchanganya mawe yaliyosagwa na zebaki ili inase dhahabu, kisha huichoma zebaki hiyo ipae. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, na huingia mwilini kwa pumzi. Nyingine hubaki katika udongo na maji. Hata wachoraji wa zamani walikuwa na rangi yao nyekundu ya vermilion, iliyotengenezwa kwa zebaki na salfa.

Hapo ndipo daftari lako linapoweza kukufaa kwa njia nyingine. Zebaki hushambulia neva. Miongoni mwa dalili zake ni mikono kutetemeka, kukosa usingizi, kusahau na kukasirika ovyo. Madaktari wenyewe humwambia mgonjwa achore duara linalojizungusha kama ganda la konokono ili wauone mtetemo wa mkono. Kwa hiyo, ikiwa una ndugu anayefanya kazi machimboni, na mistari yake ya mwezi huu inatetemeka kuliko ya mwezi uliopita, usimcheke kwamba hajui kuchora. Mpeleke hospitali, naye amweleze daktari waziwazi kwamba hushika au huchoma zebaki. Kipimo cha mkojo huweza kuionyesha.

Hata hivyo usiwe na hofu ya bure. Mkono hutetemeka pia kwa sababu ya pombe, baadhi ya dawa, au ugonjwa wa tezi ya shingo. Anayejua kutofautisha ni daktari.

Hali kadhalika, kuchora si badala ya matibabu. Huzuni ikipita majuma mawili, ukawa huli wala hulali, au ukapata mawazo ya kujidhuru, tafuta msaada siku hiyo hiyo, na picha zako nenda nazo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Basi leo jioni, watoto wakishalala, weka vitu vyako vitatu mezani uanze.