Njia ya Pekee ya Kusimamia Swichi za Hospitali

Majibu ya maabara yasipomfikia daktari, huenda kasoro iko kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za hospitali. Fundi aliye Upanga aweza kuirekebisha swichi ya zahanati ya Kariakoo bila kupambana na msongamano wa Mtaa wa Msimbazi. Ila njia hiyo isifikiwe na yeyote aliyeunganisha simu yake kwenye mtandao wa wageni. Ndipo hutengwa VLAN ya usimamizi: mtandao wa pekee ndani ya waya zilezile. Swichi hupewa anwani humo. Kompyuta za mafundi tu huruhusiwa kuingia, kwa SSH, si Telnet ipitishayo nywila bila kuificha. VLAN namba 1, ambayo swichi nyingi hutoka nayo kiwandani, haifai. Badiliko la kwanza lifanywe mbele ya kifaa chenyewe. Fundi akikosea kutoka mbali hujifungia nje, na safari ya Kariakoo haiepukiki.