Klorokwini ilivyotolewa nje, na ‘sabuni’ mpya ya kumsaka mhusika

Mpanda. Watu wazima wa Mpanda hawajaisahau klorokwini, vile vidonge vichungu vya malaria. Mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza, maana vimelea vilikuwa sugu.

Usugu ulitoka wapi?

Klorokwini hufanya kazi ndani ya ‘tumbo’ la kimelea, pale kinaposaga damu. Kwenye utando wa tumbo hilo kuna protini iitwayo PfCRT. Kwa vimelea sugu, protini hiyo imebadilika na kuwa kama mlango: dawa ikiingia, inatolewa nje.

Ili kutengeneza dawa ya kuuziba mlango huo, lazima kwanza ujulikane umbo lake. Hapo ndipo kazi ilipo. Utando ni mafuta, na protini ikitolewa humo na kutiwa kwenye maji, inagandamana na kuharibika.

Kwa miaka mingi wataalamu wametumia sabuni za maabara. Zinafanya kazi kama sabuni ya sufuria: upande mmoja unapenda maji, mwingine mafuta. Shida ni kwamba zinaosha hata mafuta yanayoishikilia protini.

Suluhisho mojawapo ni polima, yaani mnyororo mrefu wenye sehemu za kupenda maji na za kupenda mafuta. Mwaka 1996 watafiti wa Ufaransa walitangaza polima inayoizunguka protini kama mkanda. Mwaka 2009, Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilionyesha nyingine inayokata kipande cha utando, protini ikiwa na mafuta yake. Visahani hivyo ni vidogo mno: laki moja vikipangwa mstari vinafika milimita moja hivi.

Kasoro ipo. Polima hiyo ikikutana na kalsiamu au magnesiamu nyingi, inaganda na kuzama. Ndiyo maana wakemia bado wanabuni nyingine.

Umbo la PfCRT lilichapishwa mwaka 2019 na watafiti wa Marekani, waliotumia kisahani cha mafuta chenye mkanda wa protini badala ya polima.

Kazi hiyo haiwezi kusubiri: mkoani Kagera tayari kuna vimelea vyenye usugu wa kiasi kwa artemisinini, iliyomo kwenye dawa mseto.

Kwa sasa, mgonjwa wa Katavi anayetumia ALu amalize dozi ya siku tatu, tena ameze pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Dawa hiyo nayo inapenda mafuta. Bila hayo, mwili unaipata kidogo.