Kompyuta Ikigeuzwa: Kilichohama Si Kilichopotea

Ndugu msomaji, pengine ukiona kichwa cha habari hii utasema, "Kompyuta yanihusu nini mimi mwenye jembe?" Ngoja kidogo. Cheti cha ubatizo cha mtoto wako, ripoti yake ya shule, hesabu ya kahawa au pamba uliyoipeleka ushirika, barua ya kuomba kazi uliyochapiwa pale steshenari ya sokoni: siku hizi mengi ya hayo hupita ndani ya kompyuta kabla ya kufika mkononi mwako. Basi mashine ile ikigeuzwa, hata wewe usiyeigusa wageuziwa. Wafika ofisini, nao wakuambia, "Njoo wiki ijayo, mtambo umebadilika." Nauli imekwenda, na siku ya palizi imekwenda.

Leo nataka tuelewane juu ya jambo moja tu. Mtambo ukibadilishwa, vitu vingi tusivyoviona huwa vimehama tu, havikupotea. Hasara kubwa mara nyingi haitokani na kuhama kwenyewe, bali na yale tuyafanyayo kwa hofu na haraka.

MSIMAMIZI WA MASHINE

Ndani ya kila kompyuta imo programu moja kubwa iliyo msimamizi wa nyingine zote. Ndiyo ipokeayo herufi unazopiga, ndiyo ijuayo kila faili limelala wapi, ndiyo izungumzayo na printa. Programu hiyo yaitwa mfumo endeshi. Unaojulikana sana maofisini ni Windows, kazi ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Fundi akikuambia anataka "kupiga Windows", maana yake ni kuuweka mfumo huo katika mashine.

Watengenezaji hawakiachi kitu kilivyo. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, ingawa waliojiandikisha waliongezewa muda. Mashine hazikuzimika siku ile. Lakini zilikuwa kama nyumba ambayo fundi wa kufuli hafiki tena: mlango wafungwa vizuri, ila mwizi akigundua njia mpya ya kuufungua, hakuna wa kuurekebisha. Ndiyo sababu ofisi nyingi zilihamia Windows 11, nyingine kwa kupenda na nyingine kwa kusukumwa.

Tena si kila mashine yaruhusiwa kuhama. Windows 11 yataka kumbukumbu isiyopungua GB 4, nafasi ya kuhifadhi isiyopungua GB 64, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0. Kwa mashine za Intel, karibu zote zinazokubaliwa ni za kizazi cha 8 na kuendelea, vilivyoanza kutoka mwaka 2017. Kompyuta nyingi za mitumba ni za kabla ya hapo. Kwa hiyo kabla hujatoa fedha, mwulize fundi swali hili kwanza: "Mashine yetu yakubaliwa, au wailazimisha?"

JIKO LILILOPANGWA UPYA

Fikiri mama aliyekwenda kumwuguza ndugu yake kwa wiki mbili. Arudipo akuta mke wa mwanawe amelipanga jiko upya. Jioni anyosha mkono kutwaa chumvi, na mkono washika hewa. Je, chumvi imekwisha? La, iko rafu ya pili. Je, mama amekuwa mjinga? La hasha. Mkono wake ulikuwa na elimu ya miaka ishirini, na elimu hiyo imebatilishwa kwa siku moja bila yeye kuulizwa.

Ndivyo ilivyo kwa karani au mwalimu aliyehamishwa kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Kitufe cha Start, alichozoea kukifuata pembeni kushoto, akikuta katikati ya mstari wa chini. Abonyeza kitufe cha kulia cha kipanya ili anakili maneno, naye aona orodha fupi ngeni. Katika matoleo ya kwanza ya Windows 11, maneno ya kukata, kunakili na kubandika yaligeuzwa kuwa vialama vidogo visivyo na maandishi. Baadaye, watu walipolalamika, maandishi yaliongezwa. Ile orodha ndefu ya zamani haikufutwa: imefichwa chini kabisa, penye maneno Show more options.

Dawa ya mambo haya ni ndogo. Kukirudisha kitufe cha Start kushoto, fungua Settings, ingia Personalization, kisha Taskbar, na huko chini utakuta nafasi ya kuchagua katikati au kushoto. Faili usiloliona, bonyeza Start uandike sehemu ya jina lake, na mashine italitafuta. Haya ni mambo ya dakika mbili. Lakini asiyeyajua aweza kupoteza siku nzima, na watu wamepanga foleni dirishani.

WENYE MTAMBO NAO HUKOSEA

Wako wasemao kwamba anayehangaika na mtambo mpya ni mzee tu, au hana elimu. Hilo si kweli, na ushahidi upo. Kitufe cha Start kilianza na Windows 95, mwaka 1995. Tarehe 26 Oktoba 2012 ilitoka Windows 8, na kitufe kile kilikuwa kimeondolewa katika mstari wa chini. Watu wa nchi nyingi, wasomi kwa wasio wasomi, walilalamika kwamba hawajui waanzie wapi. Basi tarehe 17 Oktoba 2013, mwaka haujatimia, ilitoka Windows 8.1 na kitufe kimerudi. Wangekuwa wajinga wale waliolalamika, kampuni kubwa kama ile isingegeuka nyuma.

Kisa kingine ni kizito zaidi. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilianza kutoa toleo jipya la Windows 10. Baada ya siku chache baadhi ya watu walipiga kelele kwamba mafaili yao yamefutika. Sababu ilikuwa hii: watu hao walikuwa wameielekeza folda ya Documents mahali pengine, lakini mafaili mengine yalikuwa yamebaki katika folda ya zamani. Mtambo ulidhani folda ile ya zamani ni takataka, ukaifagia pamoja na yaliyomo. Kampuni ilisimamisha kazi, ikarekebisha, ikaanza tena kulitoa tarehe 13 Novemba 2018. Ilieleza kwamba taarifa za kupoteza mafaili zilikuwa chache sana, kama moja katika mashine 10,000 zilizopokea toleo lile. Lakini ndugu yangu, ukiwa wewe ndiwe huyo mmoja, na lililofutika ni daftari la michango ya kijiji kizima, hesabu hiyo yakufariji nini?

Ndipo tuone kwamba neno "kimehama" si kweli siku zote. Ni kweli mara nyingi. Kwa zile mara chache, dawa ni moja tu: nakala iliyowekwa kabla. Akiba haiozi.

FAILI LIONEKANAPO HALIPO

Kuna badiliko moja liwatishalo watu kuliko yote, nalo lastahili kuelezwa polepole. Windows 11 huja na OneDrive, yaani ghala la Microsoft lililo mbali, lifikiwalo kwa intaneti. Huduma hiyo ikiwashwa kwa kutunza nakala, folda za Desktop, Documents na Pictures huhamishiwa ndani ya folda ya OneDrive. Mwenye mashine huenda hakutambua kwamba alikubali. Siku nyingine aona bando la intaneti laisha upesi, au aambiwa nafasi imejaa, maana nafasi ya bure ni GB 5 tu. Akasirika, aizima huduma ile. Mara uso wa kioo wawa mtupu!

Hapo ndipo mtu huweza kujiumiza. Mafaili hayajatoweka. Mengi yamo ndani ya folda yenye jina OneDrive, na yale yasiyokuwamo katika mashine yaweza kuwa katika ghala la mbali. Lakini mtu akiona vitu viwili vyenye jina moja, adhani kimoja ni cha ziada, akakifuta. Wakati huduma ile imewashwa, ukifuta upande mmoja na wa pili hufutika. Kwa hiyo shika neno hili: usifute kitu chochote siku za kwanza. Tafuta kwanza, nakili kwenye flashi, hakikisha nakala yafunguka, ndipo ufikiri mengine.

FUNDI NA UFUNGUO WA NYUMBA

Yako mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kupandisha toleo ni kuuhamisha mfumo kutoka 10 kwenda 11, na kwa desturi mafaili hubaki. Kupiga Windows upya ni kufyeka shamba na kuanza tena: fundi asipotoa mafaili kwanza, yote yakwenda. Gharama yaweza kufanana, na mashine irudipo yaweza kuonekana vilevile, lakini matokeo ni mbali kama mbingu na nchi. Mwambie fundi waziwazi ni lipi unalolitaka, na nakala uwe nayo wewe mkononi kabla hajaigusa mashine.

Jambo la pili ni akaunti. Kompyuta nyingi zenye Windows 11, zikisajiliwa kwa akaunti ya Microsoft, hufunga diski yake kwa siri ili mwizi asiweze kuisoma. Ni jambo jema. Lakini ufunguo wake wa dharura, wenye tarakimu 48, huhifadhiwa katika akaunti ya yule aliyesajili. Fundi akitumia akaunti yake mwenyewe ili kufanya kazi upesi, ufunguo wa ofisi yenu uko mfukoni mwake. Siku mashine itakapoudai ufunguo ule, na fundi amehamia mji mwingine, mtafanya nini? Sajilini kwa akaunti ya ofisi, neno la siri liandikwe katika daftari, na daftari lifungiwe kabatini.

KABLA YA KUBADILI, NA BAADA YAKE

Yafaa ofisi, shule au duka lolote lifuate utaratibu huu.

Kwanza, chagueni wakati. Msigeuze mashine wiki ya mitihani, wala mwisho wa mwezi wa hesabu, wala siku ya umeme wa kusitasita. Kazi hii hula GB kadhaa za intaneti, na umeme ukikatika katikati ni hatari.

Pili, wekeni nakala mahali pawili, nyumba mbili tofauti. Flashi moja iliyochomekwa katika mashine hiyohiyo si nakala mbili.

Tatu, andikeni katika karatasi programu mnazozitumia, jina la printa, na folda ambamo kazi zimo. Printa za zamani huweza kukataa kuzungumza na mfumo mpya mpaka zipewe programu yake.

Nne, jaribuni kazi zote siku ileile: fungueni hesabu, chapeni ukurasa mmoja, someni flashi. Msingoje mama afike kutoka mbali kuja kuchukua cheti ndipo mgundue printa imenyamaza.

Tano, kumbukeni siku 10. Ukipandisha toleo kutoka Windows 10 kwenda 11, mtambo huutunza ule wa zamani kwa siku 10. Katika muda huo waweza kurudi nyuma kwa kupitia Settings, System, kisha Recovery, penye neno Go back. Mafaili yako hubaki, ila programu ulizoziweka baada ya kupanda huondoka. Siku hizo zikipita, mfumo wa zamani hufutwa, na mlango huo hufungwa. Kwa hiyo mlalamikaji na alalamike mapema!

Na daftari la karatasi msilitupe. Halihitaji umeme, halihitaji neno la siri, na hakuna kampuni iwezayo kulipanga upya usiku tukilala.

TUSAIDIANE

Mwisho, neno kwa vijana mliosoma kompyuta shuleni. Ukimwona mzee wa ofisi, au mwalimu wa siku nyingi, akikitafuta kitufe kilichohama, usimcheke, wala usimnyang'anye kipanya ukafanya wewe upesi upesi. Ukifanya hivyo umemtatulia leo tu, na kesho atasimama palepale. Mwachie kipanya mkononi, mwonyeshe njia kwa kidole, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, naye aandike hatua katika daftari lake. Yeye ndiye ajuaye ni familia ipi ina watoto wawili wenye jina moja, na hesabu ipi ya mwaka jana haijafungwa. Ujuzi huo mashine mpya haikuja nao.

Na wewe uliye dirishani ukingoja, ukiambiwa mtambo umebadilika, usigombe. Uliza kwa upole maswali mawili: "Nakala ilikuwapo kabla hamjabadili? Je, mmetafuta, au mmetazama tu pale pa zamani?" Mara nyingi kitu chako kimo humo humo ndani. Kimepangwa rafu nyingine, nacho chataka mtu mwenye subira wa kukitafuta.